Ngumi Inayokomea Ngozini

Tarehe 7 Agosti 2021, kwenye ukumbi wa Nippon Budokan mjini Tokyo, kijana wa Kisaudia Tareg Hamedi alikuwa anaongoza kwa pointi 4 kwa 1 katika fainali ya karate ya uzito wa zaidi ya kilo 75. Akarusha teke la juu. Lilimpata Sajad Ganjzadeh wa Iran kichwani, Ganjzadeh akaanguka, akapoteza fahamu, akatolewa ulingoni kwa machela. Waamuzi walishauriana, kisha wakamwondoa Hamedi kwa kosa la kupiga kwa nguvu kupita kiasi. Aliyezimia ndiye akawa bingwa wa Olimpiki. Aliyebaki amesimama akavishwa medali ya fedha, na nchi yake ikaikosa dhahabu ambayo ingekuwa ya kwanza katika historia yake ya Olimpiki.

Video ya pambano hilo haijawahi kutulia kwenye simu za vijana. Klabuni kwetu imerudi tena karibuni, baada ya watu kukumbushana kwamba karate haikuwemo Paris mwaka 2024 na haimo kwenye ratiba ya Los Angeles 2028. Vijana wengi wanaamini Msaudia alidhulumiwa. Wanasema huu ni mchezo wa kupigana, mmoja kapiga, mwingine kaanguka, sasa kuna nini tena cha kujadili? Nimewasikiliza jioni kadhaa bila kuwakatiza. Nilipotaka kuwajibu niliona jibu langu halimo kwenye kitabu cha kanuni. Limo Tanga, kwenye ukumbi wa shule ya msingi nilikojifunzia karate miaka ya 1980, na linahitaji kusimuliwa.

Tuliingia pale tukiwa watoto wa sinema. Bruce Lee alikuwa ameshafariki tangu 1973, lakini filamu zake ziliendelea kuonyeshwa, na kwetu sisi kungfu na karate vilikuwa kitu kimoja: kuruka, kupiga kelele, kuangusha watu kumi. Sensei wetu alikuwa fundi mitambo, mtu wa maneno machache, na alifundisha Goju-ryu, mtindo uliotokea Naha kule Okinawa. Wiki za mwanzo hatukurushiwa ngumi wala hatukurusha. Tulifundishwa kuinama mlangoni, kupiga magoti na kunyamaza, kupumua, kusimama. Na kudeki.

Kudeki ndiko kulikowakimbiza wengi. Ukumbi ule ulikuwa wa sementi, mchana kutwa umekanyagwa na wanafunzi wa shule, na kila jioni ulikuwa na mchanga. Sisi wageni tulipewa mafagio. Tambara lenye maji lilikuwa la wenye mikanda ya kahawia. Wanaume wazima, baadhi yao wenye familia, waliinama wakasukuma tambara kutoka ukuta hadi ukuta, na hakuna aliyeona ajabu. Siku moja mwenzetu alifagia harakaharaka akaacha mchanga kwenye kona. Sensei alimwita, akamwonyesha kona ile, akamuuliza: “Mwanangu, mwenzio akiteleza hapa akivunjika mkono, utasema ni nani aliyemvunja?” Yule kijana alirudi akafagia upya. Sikuielewa hoja yote siku ile, ila nililiona jambo moja: kwamba kabla hatujaruhusiwa kumgusa mtu tulikuwa tumeshakabidhiwa usalama wake.

Ngumi ilipofika, ilifika polepole mno. Unakunja vidole kuanzia ncha, unavikunja tena kwenye maungio ya pili, unafunga kwa dole gumba juu ya vidole viwili vya kwanza. Kifundo cha mkono kisipinde. Sensei alikuwa na rula ya mbao ya darasani. Aliilaza juu ya mkono kuanzia kigasha hadi mgongo wa ngumi, na kama mwanga ulipenya chini yake ulianza upya. Ngumi inakaa ubavuni, kiganja kikitazama juu. Inatoka huku kiwiko kikisugua mbavu, inageuka mwishoni kabisa, na wakati huohuo mkono wa pili unarudi ubavuni kwa kasi ileile. Kisigino hakinyanyuki, kwa sababu nguvu inaanzia sakafuni, inapita gotini, inapita nyongani, na mkono ni njia yake ya kutokea tu. Tulirudia hivyo hadi jasho likachora miguu yetu kwenye sementi. Sensei alipita nyuma yetu akigusa nyonga ya mmoja, bega la mwingine, kwa ncha ya kidole. Bega likipanda alilibonyeza. Hakusema kitu, akasogea kwa anayefuata.

Nyuma ya ukumbi palikuwa na makiwara, ubao uliochimbiwa ardhini, umefungwa kamba pale ngumi inapofikia. Okinawa hufunga kamba ya majani ya mpunga. Sisi tulikuwa Tanga, tukafunga ya mkonge, na mkonge mpya una miiba yake. Ngozi ya vifundo ilichubuka, ikapona, ikachubuka tena, hadi tukajifunza kuanza pole. Lakini ubao ule ulitufundisha jambo ambalo hewa haiwezi kulifundisha. Ukipiga hewa, kila ngumi ni nzuri. Ukipiga ubao, unakujibu: kifundo kikilegea unakipata begani, mguu ukiwa vibaya unasukumwa wewe nyuma. Siku ubao unapopinda na kurudi bila kukuumiza popote, unajua kwa mara ya kwanza kwamba mkono wako unaweza kumjeruhi mtu kweli. Nimekutana na watu wengi wenye mikanda mizuri ambao hawajawahi kupiga kitu chochote kigumu, na hao ndio ninaowaogopa zaidi wanapopangwa na watoto. Hawajui wameshika nini.

Vifaa vingine tulivitengeneza wenyewe. Chi ishi, lile jiwe la kuzungusha kwa mpini ili kuimarisha vifundo na mabega, lilikuwa kopo la rangi lililomiminwa zege na kuchomekwa mti wa mpera. Mitungi ya kushika kwa vidole tulifinyangiwa sokoni. Nguo zetu zilishonwa barazani kwa kitambaa cha marekani, kikifuliwa mara kadhaa ndipo kilainike. Ilikuwa miaka ya foleni, sabuni yenyewe ilikuwa ya kutafutwa, na sijawahi kuona kwamba umaskini ule ulipunguza chochote kwenye karate yetu. Sensei alipenda kutukumbusha habari za Miyagi Chojun, mwasisi wa Goju-ryu, aliyezaliwa Naha mwaka 1888. Vita vya Okinawa vya 1945 vilimuua Shinzato Jin'an, mwanafunzi aliyetegemewa kuwa mrithi wake, na mji wake ukabaki kifusi. Miyagi alianza tena kufundisha uani kwake, juu ya ardhi tupu, na akaendelea hadi alipofariki mwaka 1953.

Kata ya kwanza tuliyopewa, yaani mfululizo wa mapigo na vizuizi unaoufanya peke yako, ilikuwa Gekisai, ambayo Miyagi aliitunga mnamo 1940 ili karate iweze kufundishwa kwa watu wengi. Tuliipenda, ina kasi. Ile tuliyoiogopa ni Sanchin. Hatua chache mbele, kugeuka, kurudi, mikono ikitoka taratibu, pumzi ikisikika kutoka tumboni, mwili mzima umekazwa. Tulivua mashati. Sensei alizunguka akitupima: alibonyeza mapaja, akasukuma kiuno, akapiga mabega kwa viganja viwili kwa pamoja, kishindo kikijaa ukumbini. Umeme ulikatika mara nyingi na tuliendelea kwa taa ya chemli, kwa hiyo nilijifunza kumsikiliza kuliko kumtazama. Na masikio ndiyo yaliyonifunulia. Kishindo hakikuwa kimoja kwa kila mtu. Kwa mvuvi mmoja wa Deep Sea, mwenye mabega mapana, kiganja kililia kama ubao unaodondoka. Kwa mwanafunzi wa kidato cha pili kilikuwa kizito pia, lakini chini yake kwa kiasi. Kila mmoja alipata kile alichoweza kukibeba siku ile, pengine na kidogo cha ziada. Nilikuwa nimedhani Sanchin inampima mwanafunzi peke yake. Kumbe ilimpima na sensei, kwa sababu kila pigo lilimtaka aujue mwili uliokuwa mbele yake.

Ndipo tukaingia kwenye ippon kumite, na hapa ndipo lilipo jibu langu kwa vijana.

Wawili wanasimama wakitazamana. Mmoja anatangaza anapiga wapi, anapiga mara moja, mwenzake anazuia na kujibu. Hakuna glavu, hakuna kinga ya meno. Mara ya kwanza nilipangwa na kaka mmoja aliyekuwa mpakizi wa mizigo bandarini. Aliniinamia, akasema “uso”, akaja. Sikuwahi kunyanyua mkono. Nilihisi upepo kwenye kope, kisha nikahisi ngozi ya kidole chake ikigusa ncha ya pua yangu, joto lake tu, bila uzito. Ngumi ilikaa pale. Sensei akaja nyuma ya yule kaka, akaweka kidole kwenye kiwiko chake, akasukuma kidogo. Ngumi ikasogea mbele na pua yangu ikalala shavuni. “Unaona?” akaniambia. “Imebaki njia.”

Nimefikiri juu ya kile kidole cha sensei kwa muda mrefu kuliko jambo lolote jingine nililofundishwa. Alichokuwa anakagua ni kama kiwiko cha mpigaji bado kimepinda. Kama mkono umenyooka wote na ngumi imefika puani, basi imesimama kwa sababu imekwisha, na mpigaji hana sifa yoyote. Kama kiwiko bado kina nafasi, ngumi ingeweza kupita hadi kisogoni, na imesimama kwa sababu mwenyewe ameisimamisha. Kwa macho ya mtazamaji ngumi hizo mbili zinafanana. Ila moja ni karate, na nyingine ni maigizo.

Tulikuwa na dada mmoja, mwanafunzi wa uuguzi, ambaye alikuja kwa sababu alikuwa akitoka zamu za usiku na njia ilikuwa ndefu. Wanaume walimpenda na walimheshimu, na kila aliyepangwa naye alipiga ngumi fupi, inayokomea shubiri moja kabla ya uso. Alizuia zote. Sote tulidhani tunamfanyia wema. Jioni moja sensei alisimamisha darasa, akamwambia yule dada aweke mikono chini na asizuie chochote, kisha akatuita mmoja mmoja tumpige usoni kwa mazoea yetu. Hakuna ngumi hata moja iliyomfikia. Ukumbi ulikuwa kimya. “Mnamdanganya dada yenu,” akasema. “Siku akikutana na mtu anayepiga kweli, mikono yake itazuia mahali ambapo hapana ngumi.” Alisema hivyo kwa huzuni, bila kupandisha sauti, na iliuma zaidi.

Kuanzia hapo tulimpiga ngumi zinazofika. Baada ya muda alichelewa kuzuia moja, mdomo ukapasuka kidogo. Kaka aliyempiga alikwenda mwenyewe kuchota maji, akachuchumaa mbele yake hadi damu ilipokatika, wakainamiana, wakaendelea. Yeye ndiye aliyekataa kupumzika. Mwaka uliofuata alikuwa na mikono mepesi kuliko sisi sote, na ukimpiga ulijua umezuiwa.

Kuzuia nguvu na kutokuwa na nguvu ni vitu viwili tofauti, na karate ya asili inajenga kwanza kile ambacho baadaye inakifunga breki. Klabu inayofundisha watoto kugusa hewa na kuhesabu pointi, bila makiwara wala mwenza anayepiga kweli, haijawafundisha kujizuia hata kidogo. Imewaacha na mikono isiyo na habari. Na klabu inayofundisha kuumiza tu, yenye sifa mtaani kwamba vijana wake “wanauma”, imefanya nusu ya kazi na kuacha nusu iliyo ngumu.

Niseme na la mikanda, maana ndilo linalonichoma siku hizi. Mkanda mweusi haukutoka Okinawa. Ulitoka kwenye judo ya Kano Jigoro, na Funakoshi Gichin, aliyeipeleka karate Tokyo mwaka 1922, aliutoa kwa wanafunzi wake kwa mara ya kwanza mwaka 1924. Karate ilikuwepo vizazi na vizazi kabla ya hapo, na watu walijua nani ni nani bila rangi kiunoni. Sipingi rangi kwa watoto. Mtoto anahitaji kuona amesogea. Ninachokipinga ni ratiba. Siku hizi kuna mahali mkanda unapanda kwa kalenda na kwa ada, mzazi analipa, mtoto anafanya kata mbili, picha zinapigwa, na hakuna aliyeweka kidole kwenye kiwiko chake.

Kwenye ukumbi wetu mtihani ulikuwa mrefu na haukuwa na tarehe. Nakumbuka mmoja ambao ulitugharimu. Tulikuwa na kijana mwenye kipaji kuliko wote niliowahi kuwaona, miguu yake ilikuwa haionekani inapotoka. Katika sehemu ya mwisho, ya kupigana huru, alimpiga mwenzake teke la mbele tumboni. Teke lilizama, mwenzake akakunjika chini. Kwa ufundi lilikuwa safi kabisa. Kijana akageuka, akainua mikono kuelekea madirishani walikokuwa rafiki zake. Mwenzake alikuwa bado anatafuta pumzi nyuma yake. Sensei aliposoma majina ya waliofuzu mkanda wa kahawia, lake halikuwemo. Aliondoka wiki ileile, na karibu nusu ya darasa ikamfuata. Muda si mrefu akawa na darasa lake mwenyewe, lenye watu wengi kuliko letu. Sensei hakumsema vibaya, wala hakubadilisha uamuzi, na sisi tuliobaki tulideki ukumbi ule ule mkubwa tukiwa wachache. Sijui kama mimi ningekuwa na ujasiri huo, nikiwa na kodi ya ukumbi ya kulipa. Lakini alikuwa sahihi. Teke lile lilikuwa na kila kitu isipokuwa mtu wa pili.

Sasa nirudi Budokan. Sisemi Hamedi alikuwa mtu wa namna hiyo. Alikuwa kijana wa miaka 23 mwenye kasi ya kutisha, mpinzani alikuwa anasogea, na kichwa kinachosogea kukutana na teke kinaongeza uzito wa teke. Namwonea huruma kwa moyo wote. Katika pambano la mwendo ule, kupima ngozi ni kazi ambayo sensei wangu angesema inahitaji umri. Hata hivyo waamuzi walipoinua mikono yao walilinda kitu cha zamani sana, kilichokuwepo kabla ya pointi na medali: kwamba mwili wa mwenzako umekabidhiwa kwako. Mchezo ambao mtu anashinda kwa kumzimisha mwenzake tunao, unaitwa ndondi, una mabingwa wake na heshima yake. Huu ni mwingine. Ukiondoa sharti hilo kwenye karate unabaki na mateke yasiyo na kazi maalumu, kwa sababu kila kilichotangulia, kuinama, kudeki, rula, mkonge, Sanchin, kilikuwa kinaliandalia sharti hilo mahali pa kukaa.

Na siku moja kabla, tarehe 6 Agosti, ukumbi uleule ulimwona Kiyuna Ryo, mzaliwa wa Okinawa, akitwaa dhahabu ya kata. Alipanda jukwaani na picha ya marehemu mama yake. Vijana wangu hawaitazami video hiyo; wanaona kata ni ngoma. Nimeanza kuwaonyesha nikiisimamisha kila hatua, niwaulize nyonga iko wapi na kisigino kiko wapi, na aliyesimama mbele yake asiyeonekana angepigwa wapi. Wameanza kuuliza maswali.

Wazazi huniuliza wampeleke mtoto klabu gani. Siwaambii waulize mkanda unapatikana baada ya muda gani, wala makombe mangapi yako kabatini. Nawaambia waende jioni moja bila kutoa taarifa, wakae kwenye benchi, wangoje hadi mkubwa kabisa apangwe na mdogo kabisa. Watazame ngumi ya mkubwa inakomea wapi, na mdogo akiumia nani anakwenda kuchota maji.

Kwa upande wetu, walimu tumekubaliana kubadili mtihani wa mwisho wa mwaka. Kata zitabaki. Lakini kila anayepanda kuanzia mkanda wa kijani atafanya ippon kumite bila glavu mbele ya wazazi, na wenza watatu: mmoja mkubwa kuliko yeye, mmoja wa kimo chake, mmoja mdogo. Mwalimu atapita nyuma na kusukuma viwiko. Ngumi iliyokomea mbali haipati alama, na ngumi iliyoumiza haipati alama. Tunajua wachache watapanda safari hii, na barua za kuwaeleza wazazi tumeshazituma.